Vikapu Nilivyomwibia Kaka

Barua zenu nimezisoma. Mmoja ameniuliza kama nina haya. Ninayo, ndugu msomaji, ila nilichelewa kuipokea, kama sare za shule za mwaka ule. Mwingine ameandika kwamba mtu wa aina yangu ndiye anayesababisha mvua kukata. Huyo sina la kumjibu. Huenda ni kweli.

Kwa aliyefika leo kwenye msiba huu, asogee karibu nimpe habari kwa ufupi.

Mimi ni Chumvi. Jina hili nililipata kidato cha pili, asubuhi ile walimu wetu wote walipokoroga chumvi kwenye chai wakidhani ni sukari. Adhabu ilikuwa imwangukie msichana mwingine, mtoto wa watu, aliyekuwa zamu ya jikoni. Kaka yangu akatoka mstarini mbele ya shule nzima akasema, "Si yeye. Ni mdogo wangu."

Nikasugua masufuria wiki mbili. Kaka alitenda haki, na hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe.

Mwezi uleule timu yetu ya mpira wa kikapu ikaenda kucheza mtoano kwenye shule ya mbali. Mimi nilikuwa mtunza alama. Mwalimu wa michezo alikuwa kitandani na mguu wenye plasta, tukasindikizwa na mwalimu wa kemia. Yule bwana alisahihisha mitihani mechi zote nne, na kila firimbi ilipolia alipiga makofi, hata faulo ilipokuwa yetu.

Kazi ya mtunza alama ni hii: timu ikifunga, unakata kwa mstari jumla mpya ya timu kwenye safu, na pembeni yake unaandika namba ya jezi ya mfungaji. Kaka alivaa kumi na nne. Nahodha wetu alivaa nne.

Naona mmeshaelewa. Kaka akifunga, niliiacha ile moja ya mbele, nikaandika nne.

Sikufanya hivyo kila mara. Mwizi mwenye adabu hakombi chungu. Lakini katika mechi nne nilimwibia vikapu thelathini na saba. Mwisho wa kila mechi refa alisaini, na refa akishasaini, karatasi haiguswi tena hata na malaika.

Nahodha akarudi mfalme wa mtoano. Chuo cha michezo kikamchukua. Kaka akarudi na pointi tisa za nusu fainali na sita za fainali tuliyofungwa. Jarida la shule likauliza alikuwa wapi. Mtu mmoja bwenini akampachika jina la Ukungu: asubuhi umetanda kila mahali, jua likiwa kali huuoni.

Jina likashika. Mpaka leo, vijana wanaomshangilia kwenye ligi humwita hivyo.

Yeye mwenyewe aliniuliza mara moja tu. "Chumvi, mbona nilihisi nimefunga zaidi?"

Nikamjibu, "Uchovu huo, Kaka."

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa njooni Alhamisi, kipindi cha tatu.

*

Niliitwa ofisi ya michezo. Nje ya mlango, kwenye benchi, nikamkuta Kaka amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Amevaa traksuti iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mikono ameikunja hadi juu ya viwiko kwa joto.

"Umeitiwa nini tena?" akaniuliza.

"Safari hii sijafanya kitu."

"Sema hujakamatwa."

"Wewe je?"

Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Mama Mteuzi yumo ndani. Timu ya vijana inaondoka Jumatatu, imebaki nafasi moja. Anasema ligi nimecheza vizuri, ila ligi ni ligi, mtoano ni mtoano. Anataka karatasi za miaka miwili iliyopita."

"Zile?"

"Zilezile." Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejikwaa mbele ya wageni. "Nilimwambia Mama kule nyumbani asianze kupiga pasi nguo za safari."

"Mama akasemaje?"

"Akasema ameshapiga."

Nilitazama chini, nikakutana na kiwiko chake cha kushoto. Kovu la nyuzi tano. Mnalikumbuka? Hapana, hilo nililificha. Nililificha hata kwenu.

Sekunde za mwisho za nusu fainali, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Kaka aliruka na wawili mgongoni, akatupa kwa mkono wa kushoto, mpira ukagonga ubao ukaingia. Yeye akaniangukia mezani. Meza ile ilikuwa na msumari uliochomoza, ukamchana kiwiko. Chupa yangu ya maji ikapinduka juu ya karatasi.

Damu ikimchuruzika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umelowa, mdogo wangu?"

Nikasema sijalowa. Kisha kwenye karatasi iliyolowa nikaandika nne.

*

Ndani, Mama Mteuzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye firimbi shingoni na daftari lililofungwa kwa mpira. Hakunisalimu kwa tabasamu, wala hakunisalimu kwa ubaya. Alinisalimu tu, kama anayehakiki bidhaa.

Mwalimu wa michezo akanipa ufunguo wa kabati. "Wewe ndiye uliyeziandika, unazijua. Toa karatasi nne za mtoano. Mimi namtembeza mgeni uwanjani, narudi sasa hivi."

Wakatoka. Nikabaki mimi, kabati, mipira miwili iliyokufa na dhambi yangu, kwa mpangilio huo.

Karatasi nilizipata haraka. Mwenye kuficha haulizi njia.

Sasa nieleze utundu wangu mwingine, maana kisa chote kinakaa juu yake. Wakati naiba, nilitaka siku moja nizitazame karatasi zile nicheke. Kwa hiyo tarakimu za nne zilizo halali za Nahodha nilizifunga juu, kama paa. Nne za wizi niliziacha wazi juu, zimeachama. Refa hakuona. Nani atazame paa la nne?

Zilikuwa palepale, miaka miwili, zimeachama kama vifaranga. Niliapa nitacheka siku nikiziona. Sikucheka.

Nikatoa kalamu yangu ya rangi nne. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa nyekundu, ya pili na ya nne kwa bluu. Nikajisemea: Chumvi, hii si kughushi. Huku ni kurudisha. Ongeza moja mbele ya kila nne iliyoachama, jumla za wafungaji utazirekebisha, umemaliza, Mama hatakuwa amepiga pasi bure.

Nikaanza na nusu fainali, kikapu cha kwanza cha wizi. Nikachora moja nyekundu.

Jamani.

Nyekundu ya miaka miwili ilikuwa imepauka ikawa rangi ya fizi. Moja yangu ilikuwa mbichi kama jeraha. Ilisimama pale inang'aa, inapunga mkono.

Nikalamba kidole nikaifuta. Ikatapakaa. Nikafuta tena. Karatasi ikaanza kuota manyoya, halafu ikatoboka.

"Umezipata?" Mwalimu alikuwa mlangoni.

*

Mama Mteuzi hakuhitaji miwani. Aliinua karatasi ya nusu fainali kuelekea dirishani, akaipindua kidogo, akaiweka mezani, akaweka kidole kando ya tundu, juu ya mabaki ya ile moja.

"Mwalimu, hii moja ina umri gani?"

Mwalimu akainama. Akanitazama. Akainama tena, kana kwamba mara ya pili ingekuwa nafuu.

"Dakika tano," nikasema. Niliona hakuna haja ya kuwasumbua.

"Ikisomeka kumi na nne, anafaidika nani?"

Nje ya dirisha lililo wazi, benchi la Kaka lilitoa mlio mdogo.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake. Tumbo moja."

Akachukua daftari lake akavuta mpira wa kulifungia. "Basi tumemaliza. Mchezaji ambaye watu wake wanachonga karatasi simchukui. Mwalimu, asante kwa maji."

Hapo, ndugu wasomaji, ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya bila kushikwa sikio. Nikasema ukweli wote. Chumvi, masufuria, moja niliyoiacha, vikapu thelathini na saba. Niliongea haraka mpaka nikaishiwa pumzi.

Nilipomaliza, Mwalimu wa michezo alikuwa ameshika kichwa.

"Mama, usimsikilize," akasema. "Huyu ndiye aliyebandika tangazo kwamba mwalimu mkuu amestaafu. Walimu watatu walikuja na keki!"

"Mwalimu, ile ilikuwa utani. Hii ni kweli!"

"Ile nayo uliniambia ni kweli. Mmoja wa wale watatu ni mimi."

Mama Mteuzi alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko ukali. "Binti, kazi hii nimeifanya miaka kumi na minane. Nimeliliwa na mama wazazi, wajomba, hata babu mmoja alikuja na fimbo yake. Dada anayedanganya ili kaka yake apate, nimewaona wengi. Dada anayemwibia kaka yake vikapu sijamwona."

"Basi ndiye huyu. Nitazame vizuri."

"Nakuona unampenda. Nenda darasani."

Mnaielewa adhabu hii? Nilipoiba, waliniamini wote. Nilipokuja kurudisha, nikaonekana mwongo mwenye moyo mzuri. Kisu kilekile, ila sasa nimekishika upande wa makali.

"Nne!" nikasema. "Zitazame nne!"

Nikamwonyesha: hizi zimefunga, hizi zimeachama. Akasogea. Akapitisha kidole kwenye safu, kimoja kimoja, midomo ikihesabu kimyakimya. Mwalimu naye akasahau keki yake akaja kuangalia.

"Nusu fainali peke yake zilizo wazi ni kumi," akasema polepole. "Pointi ishirini. Tisa alizoandikiwa ukijumlisha..."

"Ishirini na tisa," nikasema. "Na Nahodha alifunga kumi, si thelathini. Na kikapu hiki cha mwisho ni cha Kaka, mkono wa kushoto, akaniangukia mezani. Ndiyo maana karatasi imejikunja hapa. Ni maji yangu."

Akaigusa ile sehemu iliyovimba. Nilidhani nimempata.

"Maji hayana jezi," akasema.

*

Lakini Mama Mteuzi hakufungua mlango kuondoka. Akamwuliza Mwalimu, "Huyu namba nne yuko wapi siku hizi?"

"Chuo cha michezo. Namba yake ninayo."

"Mpigie. Weka sauti tusikie wote."

Simu ikaita mara tano. Halafu sauti ile, nzito kidogo kuliko nilivyoikumbuka.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, bingwa. Nipo na mama mmoja wa timu ya vijana. Ana swali dogo."

"Kijana wangu," Mama Mteuzi akasema, "nusu fainali ile ya mtoano ulifunga pointi ngapi?"

"Thelathini." Haraka, kama anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa.

"Cha mwisho, kile cha ushindi, ulikifungaje?"

Tukasikia watu wakidunda mpira upande wake.

"Kwani karatasi inasemaje?"

"Nakuuliza wewe."

"Zamani hiyo, mama. Si refa alisaini? Mimi ni nani niipinge?" Akacheka peke yake. "Samahani, kocha ananiita."

Ikakatika.

Sikuweza kumlaumu. Hakudanganya, ila hakusema kweli pia. Kijana wa watu alikabidhiwa taji usingizini, akaamka nalo kichwani, wakampigia makofi. Mnataka afanyeje, aulize limetoka wapi? Mwenye kumvisha ni mimi. Nilidhani nimemwibia mmoja. Siku ile nikagundua nimewaibia wawili, huyu wa pili nimemwibia nafasi ya kujua yeye ni nani.

"Hajakubali, hajakataa," Mama Mteuzi akasema, akatazama saa ya ukutani.

Mwalimu wa michezo akavuta pumzi. Akanigeukia, na sasa hakukuwa na mzaha machoni mwake. Aliongea kwa sauti ya juu, sauti ya uwanjani, ile inayovuka madirisha.

"Chumvi, sikiliza. Ukishikilia kwamba hii ni kweli, nitaandika. Na nikiandika, ni kughushi karatasi za mashindano. Hiyo si masufuria. Hiyo ni kubeba sanduku lako leo, na mtihani wako wa kidato cha nne uko wiki sita mbele. Hurudi hapa. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Mama yenu anaelewa?"

Benchi la nje likalia tena, safari hii kwa nguvu, kama linaloachwa.

*

Kaka aliingia bila kubisha. Sijawahi kumwona akiingia mahali bila kubisha.

Alikuwa amesikia kila kitu. Sikuhitaji kuambiwa, nilimwona usoni. Alinitazama mimi kwanza. Nilingoja hasira. Niliitaka, niseme kweli. Ningemshukuru kwa kofi. Badala yake alinitazama kama siku ile mezani, damu ikimchuruzika, akitaka kujua kama nimelowa.

"Mchezaji," Mama Mteuzi akasema, "umefika wakati mzuri. Kikapu cha mwisho cha nusu fainali kilifungwa na nani?"

Kaka akaanza kukunjua mkono wa kushoto wa traksuti. Taratibu, pindo baada ya pindo, akaushusha ukafunika kiwiko, ukafunika mkono, mpaka kwenye kifundo. Chumba kile kilikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa.

"Nahodha," akasema.

"Kaka!"

"Nahodha ndiye aliyefunga, mama. Mdogo wangu ana utani mwingi, nyumbani tumemzoea. Naomba asifukuzwe kwa sababu ananipenda. Mimi mtoano huwa napotea. Waulize watu. Naitwa Ukungu."

Miaka miwili nimelisikia jina lile bwenini, uwanjani, kwenye foleni ya chakula. Ile ilikuwa mara ya kwanza kulisikia mdomoni mwake.

Mwalimu wa michezo alitoa pumzi kama mpira ulioachwa vali wazi. "Haya, alhamdulillahi, yameisha! Chumvi, masufuria wiki mbili kwa kutoboa faili. Sanduku libaki lilipo."

Oneni jinsi mlango ulivyofunguka. Wiki mbili za masufuria, kazi ambayo nina ujuzi nayo. Mtihani wangu mzima. Mama hataitwa shuleni. Nilitakiwa kufanya jambo moja tu, nalo ni kufunga mdomo. Kaka yangu alikuwa amenilipia kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na alikuwa amenilipia akijua. Thelathini na saba niliiba mwenyewe. Nafasi ile moja alikuwa ananipa mkononi.

Mama Mteuzi alikuwa ameshafungua daftari, kalamu imegusa karatasi. Aliandika herufi moja, labda mbili. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa traksuti wa Kaka. Wa kulia ulikuwa bado umekunjwa juu ya kiwiko. Wa kushoto umeshushwa mpaka kifundoni.

Kalamu ikasimama.

"Mtunza alama," akasema, bila kuuondolea macho mkono ule. "Nakuuliza mara ya mwisho, kisha naandika. Huyu anaficha nini?"

Juu ya macho yake yaliyoshuka, Kaka alitikisa kichwa. Kidogo sana. Usiseme, mdogo wangu.

Nilifikiria sanduku langu. Nilifikiria nguo zilizopigwa pasi, zimekunjwa kitandani kwa Mama, zinangoja mtu wa kuzivaa.

Nikafungua mdomo. Nikasimama hivyo, nimeachama, kama zile nne zangu.